Jinsi ya kujua kama chuo cha sheria Marekani kitakufikisha kwenye kazi

Kabla hujalipa ada, ingia tovuti ya chuo utafute ripoti ya ajira ya wahitimu, ABA (chama cha mawakili wa Marekani) inavilazimisha vyuo vilivyoidhinishwa viitoe kila mwaka na inaonyesha hali yao miezi kama 10 baada ya kumaliza. Jamani usikimbilie ile asilimia kubwa ya juu, shuka chini uhesabu wangapi wamepata kazi ya muda wote, ya mwaka mzima au zaidi, inayodai leseni ya uwakili, maana hata mwenye kibarua cha miezi michache anahesabiwa ameajiriwa na kazi zingine mshahara chuo chenyewe ndo kinalipa. Halafu watafute waliomaliza juzijuzi LinkedIn, uliza: kazi ya kwanza uliipataje?