Mzee kapata stroku (kiharusi), mkono umelala: namna ya kuuamsha mkiwa nyumbani

Kwanza acheni kumlisha. Kama hospitali wamesema anameza vizuri, mwacheni ashike kijiko mwenyewe hata uji ukimwagika kifuani. Sisi tulikosea hapo, baba aliporudi nyumbani kila mtu akawa nesi, huyu anamvalisha shati, yule anamnywesha chai, wiki tatu mkono wa kulia umekaa tu mapajani kama mgeni.

Iko hivi, seli za ubongo zilizokufa kwa stroku hazirudi, hiyo hakuna wa kukudanganya. Ila zilizobaki jirani zinaweza kufundishwa kazi ya zile marehemu, zinafungua njia mpya za kuwasiliana, na kinachofungua hizo njia ni kurudia, kurudia, kurudia. Mkono ukikaa bure, sehemu yake kwenye ubongo nayo inazidi kupungua. Mmarekani mmoja, Edward Taub, alianza kuliona hili kwa kima: mkono unaachwa wakati bado una uwezo kidogo, kwa vile mwanzoni mwenye mkono alijaribu ukagoma, basi akakata tamaa nao akahamia kwenye ule mzima.

Dawa yake ikawa ni kuubana ule mzima. Utafiti wa Marekani uliotoka 2006 ulikua na wagonjwa 222 waliopata stroku miezi 3 mpaka 9 nyuma, waliopewa tiba hiyo walivaa glavu nene kwenye ule mkono wenye nguvu karibu siku nzima kwa wiki 2, huku ule mgonjwa unapigishwa mazoezi, na mwaka mmoja baadae bado walikua wanautumia vizuri kuliko wenzao. Kwahiyo anayekwambia miezi mitatu ikipita basi tena, mpuuze. Miezi ya mwanzo ndo yenye kasi kweli, lakini mlango haufungwi.

Nyumbani soksi nene kwenye ule mkono wenye nguvu inatosha, kwa masaa machache. Ila sharti awe anaweza kuinua kiganja cha ule mgonjwa na kufungua vidole vyake japo kidogo, kama hakuna kabisa hii sio yake, muulizeni mtu wa fiziotherapia, yaani wa mazoezi ya viungo. Na soksi itoke akitembea au akiwa karibu na jiko, akiteleza atajishikilia na nini?

Sasa kazi zenyewe. Mpe vitu vyenye maana kwake, sio kufinya mpira tu mpaka anasinzia. Kupukuchua mahindi, kumenya vitunguu saumu, kuchambua mchele, kufunga vifungo. Kwetu kilichofanya kazi ni bao, maana mzee ni mbishi wa bao tangu ujana. Kete 64, mashimo 32, kila zamu anachota anasambaza moja moja, tulianza na mawe makubwa kwanza kwasababu kete zilikua zinamponyoka anakasirika, na mpinzani wake jirani alipewa onyo asimsaidie kuokota. Hesabuni. Kuna watafiti waliokaa wakihesabu kwenye vituo vya mazoezi Marekani na Canada wakakuta mkono unarudia kitendo wastani mara 32 tu kwa kipindi, wakati wanyama wa maabara wanarudia mamia kwa siku. Mechi mbili za bao hizo 32 unazipita bila kujua.

Asifanye kwa mkupuo, dakika ishirini apumzike, mchana alale, usingizi nao unasaidia ubongo kushika alichojifunza.

Na bega jamani! Msimnyanyue kwa kumvuta mkono uliolegea, bega linachomoka kirahisi sana na likianza kuuma mazoezi yote yanasimama. Mshikeni kiunoni. Maji ya kuoga mjaribu nyie kwanza, upande ule unaweza kuwa na ganzi akaungua asisikie. Dawa za presha asiruke hata siku moja, na akianza kupaliwa kila anapokunywa maji, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.