Kupiga picha usiku wa kupamba, ukumbi ukiwa kizani

Ukiitwa kupiga picha kwenye kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake watupu, hapa Mombasa, usianze na kamera. Anza na ruhusa. Wanawake wameshavua mabuibui, nywele ziko wazi, na mlangoni pana mama mmoja aliyekaa na kikapu akikusanya simu za wageni. Mimi kamera yangu hupita kwa kuwa ni mwanamke mwenzao, na bado kabla ya kufungua begi namwendea mamake biharusi, kisha somo, yaani kungwi wake, nawauliza: nani hataki kupigwa? Nitaoneshwa. Hao nawaweka akilini, na mmoja wao akitokea nyuma ya ninayempiga, nahama. Mgeni anayekuogopa atashinda akivuta mtandio usoni, na wenziwe meza nzima watamfuata.

Kisha tafuta mwanga. Kumbi zetu nyingi, jukwaa la biharusi linawaka na meza za wageni zimeachwa gizani, taa za rangi zikizunguka juu yao. Nyumba za Mji wa Kale kuta ni nyeupe kwa chokaa lakini dari ni boriti nyeusi. Ua wa Majengo utakuta turubai na balbu chache zilizoning'inizwa. Popote pale, tembea mkono umenyoosha mbele, ukitazama kiganja chako. Pale kinapopata mwanga wa ubavuni, upande mmoja umeng'aa na wa pili una kivuli laini, ndipo pa kusimama. Subiri hapo. Watu watapita: anayekwenda kutunza pesa, anayebeba sinia la vikuba, vile vishada vya maua, shangazi anayetafuta kiti. Wapigaji wengi wapya hukimbiza watu hadi gizani, halafu wakailaumu kamera.

Kwa kamera, mimi huanzia ISO 3200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/1.8 au f/2 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), shata 1/125 (sehemu ya sekunde ya kupokea mwanga), kisha narekebisha. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ndiyo ya kwanza kununua ukipata pesa. Ile inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta mwisho hubaki f/5.6, na tofauti ya mwanga kati ya hizo mbili inakaribia mara kumi. ISO ikipanda picha itakuwa na chembechembe. Usijali, hakuna bibi aliyewahi kuirudisha picha ya mjukuu wake kwa ajili ya chembechembe. Iliyotikisika ndiyo haina dawa. Ila wakijipanga safu mbili kando ya biharusi, funga tundu hadi f/4, la sivyo wa nyuma watatoka ukungu na maneno yatakufikia.

Kamera ikiona giza kubwa nyuma ya mtu hudhani picha nzima ni nyeusi, ikaongeza mwanga, na uso ukababuka. Punguza kidogo. Mimi hutazama dhahabu: kidani kikipoteza nakshi na kuwa doa jeupe, mwanga umezidi. Hina na piko, ile rangi nyeusi, zipige kwa mwanga wa ubavuni, mikono ikiwa mapajani, na lenga ukingo wa ua la piko, kwa sababu gizani kamera hushika haraka pale rangi mbili zinapokutana.

Taa za LED za zambarau na buluu ndizo adui. Huufuta uso, na hakuna programu ya kuurudisha. Nenda mapema kwa mwenye mitambo, muombe kwa adabu akupe mwanga wa manjano biharusi anapoingia. Wengi hukubali, asiyekubali, subiri rangi ibadilike ndipo ufyatue. Ukiona mistari inakatiza picha, jaribu shata 1/100 au 1/50: umeme wetu ni hezi 50, na taa nyingi humetameta mara 100 kwa sekunde bila jicho kugundua. Taa zinazopunguzwa mwanga kwa mtambo zina mapigo yao, hizo utabahatisha.

Flashi usimwelekeze mtu usoni. Igeuze kwenye dari nyeupe au ukuta wa chokaa ulio nyuma yako, mwanga urudi ukiwa mpana. Ukuta wa kijani utakupa nyuso za kijani. Chini ya makuti, kama kule hoteli za Bamburi, usijisumbue: makuti huumeza mwanga wote. Na chetezo cha udi kikipitishwa, zima flashi kabisa, maana moshi utageuka pazia jeupe. Zunguka mpaka taa iwe nyuma ya moshi, nawe mbele.

Ngoma ya chakacha ikianza, hapo ndipo flashi ina raha yake. Weka shata 1/15, na flashi iwake mwishoni, shata inapokaribia kufunga. Kiuno na leso vitachora mviringo, uso utashikwa wazi. Nyingi zitaharibika, piga tu. Sikiliza vigelegele pia: midomo hufunguka, macho hufumba, na kila mtu husahau kuwa upo.

Mwenye simu tu asikate tamaa. Kwanza futa lenzi kwa ncha ya leso, maana vidole vimetoka kwenye pilau. Tumia lenzi kuu, usivute kwa vidole, sogea kwa miguu. Gusa uso kwenye kioo kisha shusha mwangaza kidogo. Hali ya usiku inafaa kwa aliyetulia kitini, si kwa anayecheza. Stima ikipotea, mwambie shoga yako awashe tochi ya simu yake pembeni, aipitishe kwenye chupa ya maji au nyuma ya tishu nyeupe. Na tafadhali zima ile programu ya kulainisha ngozi. Biharusi ameshasingwa, ngozi imeshasuguliwa kwa singo, hahitaji kusingwa tena na simu.

Msimu wa kaskazi kuna la ziada. Ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kwenda uani, lenzi hushika mvuke papo hapo. Ifungie ndani ya begi hadi ipate joto la nje. Usiifute mara kwa mara, itashika tena.

Ukimaliza, kaa na mamake biharusi au somo kesho yake mchana, mpitie picha moja moja. Wanazozikataa zifute mbele yao, kwenye kadi na kwenye kompyuta. Zilizobaki zitie kwenye flashi diski, uwape mkononi. Usizipeleke kwenye kundi la WhatsApp, hata kama ni dada wa biharusi anayeomba.