Dodoso nalo liwe na mlango
Ukiwaandalia wachuuzi wa soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga dodoso la mtandaoni la Google Forms, anza na swali la kuchagua, ndilo mlango wenyewe: "Wiki hii umeuza samaki wapi?" Weka Deep Sea, Sahare, Sijauza. Kisha panga kila jibu limpeleke mtu kwenye sehemu yake ya dodoso: wa Deep Sea aendelee, wengine waishie hapo hapo. Kiungo kikishaingia kundi la WhatsApp hakina mwenyewe, kinafika hadi kwa shemeji Dar. Kufungia jibu moja kwa kila mtu sikushauri; kunadai akaunti ya Google, na wengine simu wanachangia na watoto. Ila ukiahidi vocha, mlango huu haufai kitu. Kila mtu atakuwa mchuuzi.