SOMO: Kujua kwa NMR kama protini imekunjika au imekunjuka

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno kwenye ujumbe binafsi, kwa hiyo naliweka hapa. NMR ni kipimo kinachosoma ishara za viini vya atomi ndani ya sumaku kali. Mfano ni ubikwitini ya binadamu, yenye amino asidi 76.

1. Kuza bakteria wa E. coli waliowekewa jeni ya ubikwitini kwenye chakula ambacho nitrojeni yake ni nitrojeni-15 (aina nzito ya nitrojeni) tupu.

2. Safisha protini, ongeza maji mazito (D2O) 10%.

3. Sampuli ya kwanza: bafa (maji yanayoshikilia pH) ya pH 6.5. Piga HSQC, yaani spektra ya NMR inayoonyesha kila haidrojeni pamoja na nitrojeni-15 iliyoshikana nayo. Kila nitrojeni ya uti wa mnyororo yenye haidrojeni hutoa kilele kimoja. Amino asidi 3 za prolini hazina haidrojeni hiyo, na amino asidi ya kwanza haionekani, kwa hiyo tarajia vilele kama 72. Vikitawanyika upande wa haidrojeni kuanzia karibu 6 hadi zaidi ya 9 ppm (kizio cha mahali kilele kilipo), imekunjika.

4. Sampuli ya pili: urea 8 M (moli 8 kwa lita), pH 2, ya kuikunjua protini. Someni hapa polepole. Mimi nilirekebisha pH kwanza, kisha nikamwaga urea. Spektra ikatoka vilevile, vilele vimetawanyika, nikapoteza wiki nzima nikiilaumu protini. Kumbe urea nyingi kiasi hicho hunyonya asidi, na pH ilikuwa imepanda. Ubikwitini ni ngumu, kwenye pH ya kawaida hata urea 8 M haiikunjui. PIMA pH BAADA ya urea kuyeyuka. Kwa ml 50, pima gramu 24, weka maji kidogo, ikishayeyuka ndipo ufikishe 50. Kopo litapoa mpaka litoe jasho nje, usilipashe moto. Urea ikipata joto huzaa sayanati, nayo hung'ang'ania amino asidi za lisini, na ubikwitini inazo 7.

5. Piga HSQC tena, linganisha. Vilele vikisongamana karibu na 8.3 ppm, imekunjuka.

Maswali

— Mkuu, protini ya kawaida bila nitrojeni-15 haifai?
Hatua ya 1. HSQC huona nitrojeni-15 tu, na ya asili ni 0.37% tu.

— Nimefanya yote ila haikunjuki. Somo lako lina kasoro.
Ulipima pH lini? Hujasema.

— Samahani mwalimu, kwa nini ikikunjuka vilele vinasongamana?
Swali zuri sana. Ikikunjika, kila haidrojeni ina jirani zake: moja iko juu ya pete ya fenilalanini, nyingine imeshikwa na oksijeni. Ikikunjuka, zote zinaogelea kwenye maji yaleyale, zinajazana karibu na 8.3 ppm. Ila upande wa nitrojeni bado hutawanyika, kwa sababu hutegemea amino asidi yenyewe na iliyotangulia. Ndiyo maana tunapiga HSQC, hatutosheki na spektra ya haidrojeni peke yake.

— Na nikiona vilele mara mbili ya idadi?
Huenda hali zote mbili zipo pamoja na zinabadilishana polepole. Kikoa (kipande kinachojikunja chenyewe) cha SH3 cha protini drk ya nzi wa matunda hufanya hivyo ndani ya bafa tupu, bila urea. Linganisha ujazo wa vilele, utapata uwiano wake.

— Mirija yangu ya sampuli za NMR imepinda baada ya kukaushwa kwenye oveni.
Ilaze bapa, joto dogo. Iliyopinda usiirudishe kwenye mashine, itavunjikia ndani.