P2: maswali ninayotaka kukuuliza kabla hujatoka famasi

Nakaa kaunta ya famasi Tandika, na Jumatatu asubuhi naijua hata bila kalenda. Anaingia binti, anazungukazunguka kwenye sabuni mpaka wateja wengine watoke, kisha anasogea: "Dada, naomba P2," vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba baada ya tendo la ndoa. Analipa, anatumbukiza kwenye pochi, huyo ameshavuka barabara. Sijamuuliza hata swali moja, na maswali yenyewe ndiyo yanayoamua kama dawa itamsaidia.

La kwanza ni lini ulifanya tendo. Na nani, hilo halinihusu. Hesabu saa, usihesabu siku. Kama ilikuwa Jumamosi saa nne usiku, saa 72 za kuinywa P2 ikiwa bado na nguvu zinaisha Jumanne saa nne usiku. Ila usiingoje Jumanne. Dawa iliyomo, levonojestreli, kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Likishatoka, haina tena cha kuzuia. Mbegu za mwanaume nazo zinaweza kukaa hai mwilini mwako hadi siku tano zikilisubiri yai hilo, kwa hiyo kunywa sasa hivi ni bora kuliko kunywa jioni ukitoka kazini. Siku ya nne na ya tano bado unaweza kuinywa, lakini nguvu yake imeshuka. Hapo mimi ningekuambia uende kituo cha afya ukawekewe kitanzi cha shaba. Kikiwekwa ndani ya siku tano kinazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, na ukipenda unabaki nacho miaka 10.

Sasa vidonge vyenyewe. Pakiti ina vidonge viwili vidogo, kila kimoja miligramu 0.75, na vyote viwili ni dozi moja. Karatasi ya maelezo inaweza kusema kimoja sasa, kingine baada ya saa 12. Kunywa vyote kwa pamoja kunafanya kazi vilevile, tena hakuna kusahau. Siku hizi humimina maji kwenye kikombe nikamwambia mteja anywe palepale. Nilianza baada ya binti mmoja kurudi kwangu akiwa na mimba. Alifungua fundo kwenye pindo la kanga, akanionyesha kidonge cha pili, bado kimo kwenye karatasi yake ya bati. Alikuwa amekiweka akiba ya siku nyingine. Mimi ndiye niliyemuuzia, na sikuwa nimemweleza. Linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo usikubali kukatiwa kidonge kimoja cha miligramu 0.75, hata kama hela haitoshi. Zipo pakiti za kidonge kimoja cha miligramu 1.5, na hicho peke yake ni dozi kamili. Soma namba hiyo, na tarehe ya kuisha muda.

Wengine hupata kichefuchefu. Ukitapika kabla ya saa mbili kupita tangu uinywe, dozi hiyo hesabu imepotea: rudi uchukue nyingine.

Swali ninaloliona zito kuliko yote ni hili: unatumia dawa gani nyingine? Wengi hawaniambii, na ninaelewa kwa nini. Lakini rifampisini ya kifua kikuu, dawa kadhaa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, na ARV zenye efavirenzi huifanya P2 iishe nguvu mwilini haraka. Anayetumia hizo, kitanzi ndicho kinachomfaa zaidi. Kikishindikana, wataalamu hushauri dozi mara mbili, yaani vidonge vinne kwa pamoja. Sema tu "natumia dawa za kila siku," nitaelewa. Mwili mkubwa nao unaweza kuipunguzia dawa nguvu, na kitanzi hakijali kilo. Anayenyonyesha anaweza kunywa P2.

Haitoi mimba. Kama imeshatunga, P2 haitaigusa wala haitamdhuru mtoto. Chai ya rangi kali, maji ya chumvi na Flagyl havizuii mimba, na kila saa unayopoteza kuvijaribu unaipunguzia dawa ya kweli nafasi yake.

P2 haikulindi kwa tendo la kesho. Yai lililocheleweshwa litatoka baadaye, na hapo ndipo wengi hunasa: wamekunywa Jumapili, wakaamini mwezi mzima uko salama. Tumia kondomu, au anza njia ya kawaida ya uzazi wa mpango. Sindano, vijiti na vidonge vya kila siku hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Virusi vya UKIMWI pia haizuii. Kama una wasiwasi navyo, au kama ulilazimishwa, nenda hospitali leo hii, kwa sababu dawa za PEP, zile za kukinga maambukizi ya virusi hivyo, nazo zina mwisho wa saa 72.

Hedhi yako inaweza kuwahi au kuchelewa siku chache. Ikipita wiki moja bila kuonekana, pima mimba. Kipimo kinatoa jibu la uhakika wiki tatu baada ya tendo. Maumivu makali chini ya tumbo, upande mmoja, yasikukute unasubiri nyumbani. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi.

Ukikuta kaunta imejaa watu, andika kwenye simu yako, "P2, Jumamosi saa nne usiku," unionyeshe kioo. Nitakuita pembeni.