Umebadilisha pedi za breki na taa bado inawaka? Fuata waya kwanza

Nina BMW 320i bodi ya E90, ya 2008, ilikuja kutoka Japani ikiwa tayari imeshatumika vya kutosha, na mwaka jana taa ya pedi za breki ilinitesa karibu wiki sita. Nikabadilisha pedi za mbele, taa iko palepale. Fundi akaniambia hizo pedi ni feki, nikanunua zingine za bei juu, taa palepale. Kumbe tatizo lilikuwa kiwaya chembamba kama cha chaja ya simu, kimekatika ndani ya madigadi, na pedi zangu za kwanza zilikuwa nzima kabisa. Kwa hiyo kama na wewe umeshatoa hela mara moja na taa haizimi, usinunue pedi tena, soma hii kwanza.

Anza na kujua ni taa ipi. Ya pedi ni ule mduara wenye vimstari vilivyokatika-katika kulia na kushoto. Ile nyekundu yenye alama ya mshangao au iliyoandikwa BRAKE ni kesi nyingine, hiyo inahusu handibreki au mafuta ya breki kupungua. Hapa ndo mafundi wengi wanapochanganya, maana gari nyingi za kwetu ni Toyota na Toyota nyingi hazina kabisa sensa ya pedi, yaani kile kiwaya kinachoingia kwenye pedi na kuwasha taa ikiisha, zina kibati tu kwenye pedi kinachopiga kelele kwenye diski pedi ikiisha, kwa hiyo fundi aliyezoea Toyota hategemei kukuta waya unaoingia kwenye pedi. Na wewe wa Toyota ukiona BRAKE nyekundu na handibreki umeshusha, usikimbilie kuongeza mafuta tu, kwanza angalia pedi. Pedi zikilika pistoni zinasogea nje na mafuta kwenye kopo yanashuka yenyewe, ukijaza mpaka juu halafu siku ya kuweka pedi mpya ukasukuma pistoni zirudi, yanafurika, na mafuta ya breki yakimwagikia rangi ya gari yanaibabua.

Sasa turudi kwenye sensa. Kwenye BMW za bodi ya E46 (ile iliyotangulia E90) na E90 zipo mbili tu, moja tairi ya mbele kushoto na nyingine ya nyuma kulia, na zote zinakaa kwenye pedi ya ndani, ile inayosukumwa na pistoni. Sensa yenyewe ni kichwa cha plastiki chenye waya uliojikunja ndani yake. Pedi ikilika, diski inakifikia kile kichwa, inakila, waya unakatika, taa inawaka. Hakuna akili zaidi ya hapo. Ndo maana ukiweka pedi mpya ukarudishia sensa ileile iliyolika, gari halina namna ya kujua kwamba umebadilisha chochote, kwake waya umekatika na basi. Sensa ni ya kutumika mara moja, ikishaguswa na diski ni ya kutupa. E90 ina kiherehere kidogo, sensa yake ina hatua mbili, ya kwanza ikilika kompyuta inaanza kukuhesabia kilomita zilizobaki, ya pili ikilika inakuambia muda umeisha, na usipojali inaendelea kuhesabu kwa hasi.

Kabla hujagusa waya wowote fungua tairi uone pedi kwa macho yako. Usikubali mtu achungulie kwenye matundu ya rimu akuambie "pedi bado zipo bosi", kwa sababu pale anaona pedi ya nje tu, na pini za kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) zikishakauka grisi, pedi ya ndani inaweza kuwa imebaki kama kadi ya benki wakati ya nje bado nene. Pedi mpya huwa na milimita 10 hivi au zaidi bila kuhesabu bati la nyuma, ikifika 3 badilisha bila kubishana. Boliti za tairi ni soketi namba 17. Gari likae sehemu tambarare, weka mawe kwenye tairi za upande wa pili, na ukishapiga jeki weka stendi, sio tofali. Tofali linapasuka bila kutoa taarifa.

Ukikuta pedi zimeisha kweli basi taa ilikuwa sahihi, weka pedi mpya pande zote mbili za ekseli pamoja na sensa mpya. Ukikuta pedi ni nzima, ndo kazi inaanza.

Ufuate waya kutoka kwenye pedi. Unapita pembeni ya hosi ya breki, unaingia ndani ya madigadi kwenye kiboksi kidogo cheusi cha plastiki, na humo ndani kuna soketi mbili, ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukifunga breki) na ya sensa ya pedi. Kifungue taratibu, vile vibano kwenye gari za umri huu vinavunjika ukivitazama tu. Chomoa soketi ya sensa, chukua mita ya umeme, iweke kwenye ile alama ya kupiga mlio, gusa pini mbili za upande wa sensa. Mita ikilia, waya mzima. Ikinyamaza, sensa imekufa, nunua nyingine na usipoteze muda. Kwenye E90 weka mita isome ohm pia, sensa nzima inasoma karibu na sifuri, ikikupa namba iliyo mbali na sifuri ujue hatua ya kwanza imeshalika.

Mita ikilia na taa bado inawaka, angalia soketi yenyewe. Ya kwangu ilikuwa na ule ukungu wa kijani, maji ya mvua na chumvi ya pwani hiyo, nikasugua kwa mswaki wa zamani na spreyi ya kusafishia kontakti. Halafu pindisha usukani mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto, huku unaangalia waya. Mimi ndo nilipouona hapo: fundi wa mwanzo hakuurudishia kwenye vishikizo vyake, kwa hiyo kila nikikata kona kali ulikuwa unavutika na kusuguana na tairi, mpaka ganda likaisha na uzi wa ndani ukakatika. Pale gari likisimama uzi ulikuwa unagusana, likitembea unaachana, na ndo maana taa ilikuwa inazima asubuhi na kuwaka nikifika barabarani, nikadhani gari lina jini.

Na usisahau ya nyuma kulia. Watu wanahangaika na mbele mwezi mzima kumbe iliyolika ni ya nyuma.

Kuna mchezo wa mafundi wa kukata sensa na kuunganisha zile nyaya mbili zenyewe kwa zenyewe, taa inazima, unalipa, unaondoka umefurahi. Kwenye E46 kuzigusanisha dakika moja ni kipimo kizuri tu, taa ikizima basi nyaya za upande wa gari ni nzima na mbovu ni sensa. Ila kuacha hivyo jumla mimi siungi mkono, siku pedi zikiisha utajua kwa kusikia chuma kinakwangua diski, na diski ni hela nyingine. Halafu mchezo huo haufanyi kazi kila gari. Mercedes za zamani kama W124 ziko kinyume, taa inawaka waya ukigusa diski, kwa hiyo kule ukichomoa soketi taa inazima, wakati BMW ukichomoa inawaka.

Unaponunua sensa taja bodi ya gari na sema kama ni ya mbele au ya nyuma, urefu wa waya ni tofauti. Hakikisha pia pedi ya ndani ina ule mkato wa kuingiza sensa, za bei chee wakati mwingine hazina. Kalipa inafunguka kwa allen key namba 7, pini mbili. Ukiitoa ifunge na waya kwenye springi, usiiache ining'inie kwenye hosi. Pistoni za nyuma za gari hizi zinasukumwa moja kwa moja, hazizungushwi. Waya mpya urudishie kwenye kila kishikizo, pamoja na kile kitundu kwenye kifuniko cha mpira cha niplo ya kutolea upepo. Ukimaliza, kabla hujawasha gari, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Ukisahau hilo utaondoka na gari lisilo na breki kwa kanyago la kwanza.

Sasa kufuta ujumbe. E46 haina mambo mengi, weka swichi ON bila kuwasha injini, subiri dakika moja hivi, itazima yenyewe. E90 lazima uirisheti: bonyeza START bila kukanyaga breki, shikilia kile kitufe cha kufutia kilomita za safari kwenye dashibodi mpaka menyu ya sevisi itokee, achia, bonyeza kidogo-kidogo mpaka ufike alama ya breki ya mbele au nyuma, shikilia tena mpaka iandike RESET, achia, halafu shikilia mara ya mwisho. Ikikataa kuna mambo mawili. La kwanza sensa au waya bado una shida, kompyuta haikubali kudanganywa. La pili, na hili lilinilaza saa nzima kwenye jua, angalia tarehe ya gari. Kama uliwahi kutoa betri na hukuweka tarehe upya, sevisi haikubali kurisheti. Nilipoweka tarehe sahihi, ikakubali mara ya kwanza.