Cuccidati za bibi: kurudisha biskuti za Krismasi za Sisilia kwa mizani

Karatasi ya mapishi ya bibi wa Kisisilia mara nyingi haisomeki bila bibi mwenyewe. Tini zimeandikwa "q.b.", yaani kiasi cha kutosha, divai ni bilauri moja, moto hautajwi kabisa. Mjukuu akiishika huanza kuhangaika na viungo, akidhani kuna siri kwenye karafuu au mdalasini. Kwa cuccidati, biskuti hizi zenye mjazo wa tini, siri haipo huko. Ladha hupotelea kwenye mafuta, kwenye unga, na kwenye ukavu wa tini.

Kama bibi yupo, usimwombe vipimo, hana. Weka bakuli juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, umwache amwage kwa mkono wake, nawe uandike gramu kabla hajaanza kukanda. Pima mfuko wa unga kabla na baada ya kazi, maana unga anaonyunyiza mezani nao huingia kwenye donge, na hakuna anayeuhesabu.

Kama hayupo tena, tafuta vyombo vyake. Jaza maji kwenye bilauri aliyokuwa akipimia, uyapime: kila gramu ya maji ni mililita moja. Bilauri ya maji ya mezani huko Italia huchukua kama ml 200, ila ya divai inaweza kuwa ndogo zaidi. Kijiko cha mezani ni kama ml 15. "Bustina" ya lievito per dolci ni pakiti ya gramu 16 inayotosha unga gramu 500, na ndani yake ni bekin pauda; ukitia hamira ya mkate hapo, umeharibu donge zima. Ukikuta "ammoniaca", ni chumvi ya amonia ya kuokea. Huacha ganda kavu na jepesi, hutoa harufu kali wakati wa kuoka kisha harufu huisha. Donge lake halionjwi bichi.

Jamaa nao waulizwe biskuti ilivyokuwa mdomoni, si orodha ya vitu. Ukikata biskuti, vipande vya lozi vilionekana, au ndani palikuwa laini kama jamu? Vipande maana yake alikata kwa kisu. Ulaini maana yake alipitisha kwenye mashine ya kusagia nyama. Ganda lilimung'unyika au lilikuwa gumu? Kumung'unyika huelekeza kwenye strutto, mafuta meupe ya nguruwe, ambayo ndiyo ya asili katika donge hili.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Strutto ni mafuta matupu, ilhali siagi ina maji karibu asilimia 16. Ukibadilisha gramu kwa gramu, mafuta yanapungua, maji yanaongezeka, na ganda linakuwa gumu. Badala ya gramu 100 za strutto weka siagi gramu 120, kisha punguza maziwa ml 20. Asiyekula nguruwe anaweza kutumia samli, ambayo haina maji. Muundo wa ganda utakaribia sana, ladha itatofautiana kidogo. Unga nao uwe laini na dhaifu, aina ya "00" ya keki. Unga wenye protini nyingi, ule wa mkate, hufanya donge livutike na kujikunja kila unapolisukuma.

Anza na kipimo hiki, kinachotoa biskuti kama 50, kisha ukisogeze kuelekea kwa bibi.

Donge: unga gramu 500, sukari 150, strutto 150, mayai mawili ya kati, maziwa ml 60, bekin pauda gramu 8, ganda la limau moja lililokwanguliwa, chumvi kidogo.

Mjazo: tini kavu gramu 400, zabibu kavu 100, lozi zilizokaangwa kavu 100, jozi zilizobanguliwa 70, chokoleti nyeusi 50, maganda ya chungwa yaliyopikwa kwenye shira 60, asali 80, divai ya Marsala ml 100, mdalasini kijiko kimoja cha chai, karafuu ya unga robo kijiko. Baadhi ya nyumba hutia zuccata, boga lililopikwa kwenye sukari, au vino cotto, shira nzito ya maji ya zabibu yaliyochemshwa, badala ya asali. Badala ya Marsala unaweza kutumia maji ya chungwa.

Mjazo utengenezwe siku moja kabla. Kata vikonyo vya tini, maana havilainiki. Saga tini, zabibu na maganda, kisha upashe moto mdogo pamoja na asali na divai kwa dakika kama kumi, ukikoroga, mpaka ukipitisha mwiko sufuria ionekane chini kwa muda kabla mjazo haujarudi. Epua, upoe kabisa, ndipo utie lozi, jozi, viungo na chokoleti. Ukiharakisha, chokoleti itayeyuka na kuwa tope. Tini za zamani zilikuwa kavu na ngumu, nyingi za pakiti siku hizi ni laini na zina maji. Kama zako zinabonyea kirahisi kwa kidole, anza na Marsala ml 50 tu. Mjazo ulio tayari hukunjika kama udongo wa kufinyangia na hauachi unyevu kiganjani.

Donge: fikicha strutto kwenye unga, sukari, bekin pauda na chumvi mpaka ufanane na mchanga, tia mayai, limau na maziwa, kusanya kisha acha. Usikande kama mkate. Lifunike, likae kwenye friji saa moja. Likipasuka unaposukuma, ama bado ni baridi mno (subiri dakika kumi) ama ni kavu (kijiko kimoja cha maziwa, si zaidi).

Sukuma unene wa milimita 4, kata mikanda ya upana wa sentimita 8. Finyanga mjazo uwe kamba nene ya sentimita 2, uilaze katikati, kunja ganda, paka maji kidogo kwenye ukingo, ubonyeze mshono na uugeuzie chini. Usiache hewa kati ya ganda na mjazo, hapo ndipo mvuke hupasulia. Kata vipande vya sentimita 5, chanja mara mbili juu ya kila kimoja.

Oka kwa nyuzijoto 180, dakika 18 hadi 20, kwenye karatasi ya kuokea, kwa sababu sukari ya tini ikivuja huungua na kugandia sinia. Angalia chini ya biskuti, si juu: chini pawe rangi ya dhahabu, juu pabaki peupe kiasi. Ukingoja juu pageuke kahawia, kesho yake utapata kitu kigumu.

Aisingi ni sukari ya unga gramu 200 na vijiko viwili hadi vitatu vya maji ya limau, nzito kiasi cha kuteremka taratibu kwenye kijiko. Paka biskuti tano tano zilizopoa kabisa na unyunyize punje za sukari za rangi hapo hapo, ikishakauka hazishiki. Ukipaka zikiwa na joto, aisingi hutiririka yote chini.

Zionje siku ya tatu, si siku ya kwanza. Unyevu wa mjazo unahitaji muda kuingia kwenye ganda, na watu wengi huacha kipimo kizuri kwa sababu walikihukumu kikiwa bado moto. Kama bado si za bibi, pika robo ya kipimo na ubadilishe kitu kimoja tu: kwanza mafuta, kisha usagaji wa mjazo, na viungo viwe vya mwisho. Kwenye kopo lenye mfuniko zinakaa wiki mbili. Kwenye friza, bila aisingi, miezi mitatu.